Mizani Imezidi Moja

Mamangu alikuwa mwanamume kila Alhamisi usiku,
saa tatu na robo, baada ya taarifa ya habari.
Mtangazaji alikohoa, akasema:
"Na sasa, Ustadhi Kinu, wa Mombasa,"
na babangu akaniashiria nisitafune.

"Huyu bwana," alisema baba, kidole juu,
"huyu amekula chumvi."
Mama akampa chai.
Sukari alitia mwenyewe, vijiko vitatu,
akaikoroga muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Bahasha nilipeleka mimi.
Kutoka Kibokoni hadi mtaa wa Biashara,
kwa Taherali muuza leso, mwenye sanduku la posta
na mdomo uliofungwa kuliko duka lake siku ya Ijumaa.
Hakutaka pesa. Alitaka maneno,
neno la leso kwa kila barua iliyofika.

Na neno la leso, kwetu, huitwa jina.
Basi mama, aliyelificha lake,
akawagawia majina wanawake wa mji mzima.
Wakajifunga kiunoni, wakabebea watoto,
wakagombana kwayo mlangoni bila kufungua kinywa,
wala hapana aliyerudi dukani kuuliza
nani kasema.

Kulikuwa na mwingine. Bi Yakuti.
Hilo la jukwaani; kwao Guraya
akiitwa Mwanasiti, mke wa fundi saa,
na ukimkuta Marikiti akichagua bamia
ungempita.
Sauti yake ndiyo iliyokuwa na uso.
Alikuja kwetu mchana, baba akiwa kazini Kilindini,
wakakaa jikoni, mmoja anatwanga,
mmoja anahesabu silabi kwa vidole,
wakicheka kwa pua ili jirani asiulize.

Niliwahi kumuuliza mama kwa nini Kinu.
Akatazama huku, akatazama huku.
"Ndicho kilichokuwa karibu."

Alifariki mwezi wa Rajabu.
Wanaume walimchukua; sisi tukabaki na mchele wa kuchambua.
Kaburini, naambiwa, talakini ilimwita
Mwanamkuu binti Esha.
Ni sawa. Malaika hawasikilizi redio.

Usiku wa tatu, hitima imekwisha,
baba yuko barazani na wenziwe, sisi ndani nyuma ya pazia.
Mtu akamwambia subira.
Baba akasema subira aliieleza Kinu, hakuna zaidi yake,
akaghani kwa sauti ya mzee asiye na meno ya mbele:

*Napondwa jana na leo, nanukia kwa iliki,*
*Mchi ndio wenye cheo, wala mimi sitajiki,*
*Nyumbani ni tegemeo, japo mlangoni sitoki,*
*Siku nikipata ngeo, na mchuzi hauliki.*

"Pembeni," ilisema sauti upande wetu, bila kupazwa.
"Japo pembeni sitoki. Si mlangoni.
Mizani imezidi moja."

Barazani kikombe kilitua juu ya kisahani.
Sauti ile waliijua wote. Walioana nayo,
walitalikiana nayo, mmoja wao
aliwahi kuuza baiskeli apate kiingilio.
Na kumbe ilikuwa imekaa hapa siku tatu
inachambua mchele.

"Umejuaje?" baba aliliuliza pazia.
"Nilikuwapo akihesabu."
"Akihesabu nani?"

Bi Yakuti aliokota chuya moja, akaitupa.
Mimi nilitazama leso niliyojifunga,
nikageuza pindo, jina likaangalia ndani.

Watu walipotawanyika nilimwona uani,
tochi ya simu mkono mmoja,
amechutama, yeye asiyejua jikoni kuna nini,
anapitisha kidole polepole kwenye ufa wa kinu
ambao mimi sikuwahi kuuona,
kisha anakileta kidole puani,
anakiacha hapo.